Je, Wajua? Kifaru cha Sentimita 17 Mezani Kizimkazi

Je, wajua kwamba mwenye amri juu ya kila kifaru cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania anatoka Kizimkazi? Rais Samia Suluhu Hassan, Amiri Jeshi Mkuu tangu Machi 19, 2021, ni mtoto wa kijiji hiki cha kusini Unguja ambacho wageni wanakijua kwa pomboo tu. Kisingizio kizuri cha kuanza safu hii na vifaru.

Je, wajua kwamba kipimo cha 1:35, kinachotawala modeli za vifaru duniani, kilizaliwa na betri? Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther chenye mota ndani. Bodi ilipewa ukubwa wa kutosha betri mbili kuingia. Kipimo kilichopatikana kikawa 1:35, na washindani wakafuata.

Kwa kipimo hicho askari wa sentimita 170 anakuwa na kimo kisichofika sentimita 5. Punje ya mchanga ya milimita 1 inakuwa kokoto ya milimita 35.

Je, wajua kwamba kifaru kilichobeba uzito wa vita vya Kagera upande wa Tanzania unaweza kukijenga mezani? Ni Type 59 ya China, ndugu wa T-54 ya Kisovieti: tani 36, watu 4 ndani, mzinga wa milimita 100. Bodi yake ni kama mita 6. Kwenye modeli inakuwa sentimita 17 na kidogo, na tundu la mzinga halifiki milimita 3. Trumpeter ya China inaiuza ikiwa vipande ndani ya boksi. Na kama ungekijenga kwa chuma kilekile badala ya plastiki, kingekuwa na uzito wa gramu 840 hivi. Chukua kalamu uhakikishe: uzito unagawanywa kwa 35 mara tatu, si mara moja.

Kosa la kwanza la wanaoanza liko kwenye minyororo. Vifaru vya ukoo wa T-54 vina magurudumu matano kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni pana kuliko mengine. Havina vigurudumu vya juu vya kushikilia mnyororo, kwa hiyo mnyororo hulegea ukalala juu ya magurudumu. Ukiona modeli ya Type 59 yenye mnyororo uliokazwa ukanyooka juu, mjenzi hakutazama picha. Huo mlegeo unatengenezwa kwa uzi mwembamba, au tone la gundi juu ya kila gurudumu na kidole cha subira.

Wajua adui alikuwa na nini? Jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-55 na hata Sherman za Kimarekani, vifaru vya enzi za Vita Kuu ya Pili, zilizotoka Israeli. Waisraeli walifukuzwa Uganda mwaka 1972, Sherman zikabaki.

Na ule mtambo wa roketi wa upande wa Tanzania ambao vita vile viliupa jina la Saba Saba? Ni BM-21 ya Kisovieti, mabomba 40 ya milimita 122 juu ya lori. Kwenye 1:35 ni mashimo 40, kila moja milimita 3 na nusu, na yote lazima yawe meusi ndani bila kuchafua midomo. Nani ana kazi nyingine wiki hiyo?

Je, wajua kwamba gundi ya modeli haigandishi plastiki, inaiyeyusha? Kingo mbili huyeyuka, hushikana, kisha dawa hupaa hewani na plastiki inabaki kipande kimoja. Supagluu ni jambo jingine: hiyo hukomaa kwa unyevu. Harry Coover wa Kodak aliigundua mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, akaiacha kwa sababu ilinata kila kitu. Katika hewa ya Kizimkazi inashika upesi mno, na ukizidisha, mvuke wake huacha ukungu mweupe pembeni ya kiungo. Tumia ncha ya sindano, si mdomo wa chupa.

Masika nayo ina adhabu yake. Rangi ya laka ikipulizwa siku ya hewa nzito, dawa yake ikipaa huipoza rangi, unyevu unatua juu yake, na kijani cha jeshi kinapata weupe kama maziwa. Subiri jua lipande. Hakuna dawa nyingine ya bei hiyo.

Je, wajua kwamba chumvi ni kifaa cha fundi? Pulizia kwanza rangi ya kutu. Ikikauka, lowesha modeli kidogo, nyunyiza punje za chumvi ya jikoni kwenye kingo na milango ya wanajeshi, acha zikauke, kisha puliza kijani juu yake. Baadaye sugua chumvi kwa brashi ngumu yenye maji. Palipokuwa na punje panabaki kibanzi kilichobanduka, na hakuna mkono wa binadamu unaochora kibanzi cha ovyo namna hiyo.

Kuhusu kutu yenyewe, nenda ufukweni Kizimkazi Mkunguni utazame nanga. Kutu mpya ni ya rangi ya chungwa. Ya zamani ni kahawia inayokaribia nyeusi. Lakini usiipake yote kwenye kifaru kinachotembea! Sehemu ya mnyororo inayokanyaga ardhi hung'aa kwa msuguano.

Wajua kwamba mchanga wa hapa haufai kwa kifaru cha Kagera? Kwanza ni mweupe, wa matumbawe na makombe, na ardhi ya kule ni nyekundu. Pili una chumvi inayovuta unyevu na kuinua rangi miezi ikipita. Udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa chepesi, ukachanganywa na gundi nyeupe na maji, ndio jibu.

Mahali pa kujengea mandhari ni Lukaya, Uganda. Machi 10 na 11, 1979, Watanzania walipambana na majeshi ya Amin na Walibya waliokuja na vifaru, kwenye barabara inayokatiza kinamasi cha mafunjo. Barabara moja, maji pande zote mbili, magari hayana pa kugeukia: mandhari yote inaingia kwenye ubao mdogo. Funjo la mita 4 linakuwa karibu sentimita 11 na nusu. Kwa vichwa vyake tumia usumba, uleule ambao wanawake wa kusini Unguja wanautoa kwenye makumbi waliyoyafukia ufukweni. Usiutumie kwa kamba ya kuvutia kifaru, una manyoya mno. Hapo sokota waya wa shaba wa chaja iliyokufa.

Je, wajua kwamba watoto wa pwani hii ni wajenzi wa modeli wa zamani kuliko boksi lolote la Japani? Vingalawa vyao vina marengu, mlingoti na tanga la kiroba, na vinashindanishwa majini. Kwangu mimi huo ni mtihani mgumu zaidi. Kingalawa kibovu hulala ubavu mbele ya kadamnasi. Kifaru kibovu hukaa kabatini na kusifiwa.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyepigana Kagera na ana picha yenye kifaru nyuma yake, itazame upya. Namba imeandikwa wapi? Madebe ya maji yamefungwa upande gani? Turubai limekunjwaje? Hayo hayamo kwenye boksi. Piga nakala, uandike nyuma yake mahali na mwaka.