Ndege ikipata kasi ya bure wakati wa kutua, ujue kuna mtego!

Leo tuongelee windishia. Jina lisiwatishe, maana yake ni upepo kubadilika ghafla, kasi au uelekeo, ndani ya umbali mfupi. Ndege ikiwa juu sana kuna nafasi ya kujiokoa. Ikiwa inakaribia kutua ndio balaa lenyewe.

Kwanza tuelewane. Ndege haibebwi na kasi yake juu ya ardhi, inabebwa na kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa. Tuseme inakuja kutua kwa kilometa 250 kwa saa na hakuna upepo. Ghafla upepo wa 40 unaipiga usoni. Mabawa sasa yanapata 290, ndege inanyanyuka, rubani anaona kasi imezidi. Akili ya kawaida inamwambia apunguze nguvu ya injini. Hapo ndipo mtego ulipo!

Kwa nini? Chini ya wingu la radi mara nyingine kuna hewa baridi inayoporomoka. Ikifika ardhini inatawanyika pande zote, kama maji ya bomba yanavyogonga sakafu. Wataalamu wanaiita maikrobasti. Ndege ikiingia humo inakutana na upepo wa mbele, halafu hewa inayoikandamiza chini, halafu upepo wa mgongoni. Ule wa 40 ukihamia mgongoni, mabawa yanabaki na 210. Kilometa 80 zimeyeyuka kwa sekunde chache, na injini ulishazipunguza! Injini kubwa za jeti si pikipiki, zinachukua sekunde kadhaa kupandisha nguvu, na karibu na ardhi sekunde hizo huna.

Ndivyo ilivyotokea Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985. Ndege ya Delta, safari namba 191, ilipita kwenye mvua ya radi ikienda kutua. Kasi ikapanda, nguvu ikapunguzwa. Kapteni alimtahadharisha mwenzake aliyekuwa anaendesha kwamba kasi ingepotea ghafla, na kweli ikapotea. Wakaongeza nguvu, lakini ndege ikagonga chini kabla ya kufika uwanjani. Watu 137 walikufa, akiwemo dereva wa gari aliyekuwa anajipitia zake barabarani. Yaani kujua hakukutosha, kwa sababu walikuwa wameshaingia ndani.

Mwanasayansi Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alishaieleza hewa hii baada ya ajali ya New York ya 1975. Ila mpaka mwaka 1988 ndipo Marekani ilipoamuru ndege za abiria ziwekewe vifaa vya kuonya kuhusu windishia.

Siku hizi marubani wanafundishwa hivi: radi ikiwa mbele, subiri au nenda kwingine. Kasi ikipanda ghafla bila wewe kuongeza chochote, usishangilie, huo ni mkopo na utadaiwa sasa hivi. Usiendelee kutua, paa tena. Windishia ikishakukamata, weka nguvu zote, nyanyua pua (ndege nyingi ni kama nyuzi 15), na usiguse magurudumu wala flapu mpaka utoke salama.

Kwa hiyo siku umepanda ndege, mmebakiza kidogo kutua halafu injini zinanguruma na mnapaa tena, usimseme rubani kwamba hajui kazi. Inawezekana kabisa amekataa mkopo, na wewe ndiye ungeulipa.

Haya, wenye maswali mwageni hapo chini.