Bastola Kiunoni, Kidole Nje
Mimi huuza saruji na mabati mjini Machakos, na nimeruhusiwa kumiliki bastola chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Wateja wanaojua hilo huniuliza kuhusu shabaha. Shabaha! Hakuna anayeuliza bastola inatokaje kiunoni, ilhali ni hapo mtu anapoweza kujipiga paja.

Hufanya mazoezi jioni, duka likishafungwa. Risasi hubaki chumba kingine, chini ya kufuli. Natoa magazini, nafungua chemba na kuichungulia, kisha naipapasa kwa kidole cha mwisho. Macho yaliyochoka hudanganya. Naelekea ukuta wa mawe, si ule wa mbao unaopakana na jirani.

Mkono wa kushoto unainua koti na kubana kifuani. Wa kulia unashika mpini barabara bastola ikiwa bado ndani ya ala, maana mshiko mbaya haurekebishiki njiani. Naivuta wima, naielekeza mbele, ndipo mikono inakutana. Kidole kimelala ubavuni, mbali na kifyatulio. Polepole; kasi itakuja yenyewe.

Kurudisha ndiko kunakonitia wasiwasi. Pindo la shati likinasa linaweza kuvuta kifyatulio. Kwa hiyo naitazama ala, bila pupa. Hatari imeshapita, nakimbilia nini?

Lakini kujua kuitoa si ruhusa ya kuitoa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hupima kujitetea kwa misingi ya sheria ya Uingereza itokanayo na maamuzi ya mahakama: nguvu ziwe za kiasi. Anayetoroka na simu yangu hanipi sababu ya kugusa kiuno.