Kisangani: Rangi ya ukuta yaweza kupunguza gharama ya umeme

Mjini Kisangani, jimbo la Tshopo, karibu na ikweta, joto halina likizo. Anayetegemea feni au kiyoyozi hulilipia kwa umeme, na umeme ukikatika, kwa mafuta ya jenereta.

Sehemu ya gharama hiyo huanzia kwenye rangi ya ukuta wa nje. Nyeupe ya kawaida hurudisha 80% hadi 90% ya mwanga wa jua. Nyeusi humeza karibu wote, na joto hilo huendelea kuingia ndani hata jua likishazama. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza rangi nyeupe inayorudisha 98.1%.

Si lazima kuisubiri, kwani hata chokaa husaidia. Mwenye pesa kidogo aanze na ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri wakati hewa tayari ni ya moto, kisha wa mashariki. Saa sita mchana jua huangukia mabati, hivyo paa nalo lisisahauliwe.

Vumbi na kuvu vikifunika weupe, faida hupungua. Ukuta huo unahitaji kuoshwa.