Je, Wajua? Aprili ya Kehancha si Aprili ya London

Je, wajua kwamba mwezi Aprili, masika yanapolowesha mashamba ya mahindi na tumbaku Kehancha, Kenya, London imo katika majira ya kuchipua na bado kuna baridi? Mchana joto hufika nyuzi 15 hivi. Alfajiri hushuka hadi 6 au 7.

Anayefunga safari asitegemee koti moja zito: jua likichomoza atalivua, alibebe siku nzima. Afadhali nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kwa sababu hewa inayonaswa katikati yake ndiyo inayotunza joto. Sufu ikilowa bado hutunza joto kiasi. Pamba ikilowa humpoza aliyeivaa. Kwa hiyo pekua mitumba vizuri kabla ya kuondoka, utafute sweta ya sufu, na juu yake jaketi jepesi lisilopitisha maji.

Hata mwanariadha huhitaji jaketi katika baridi ya Aprili: mbio za marathoni za Boston za tarehe 16 Aprili 2018 zilikimbiwa katika mvua kubwa na upepo mkali wa mbele, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mshindi wa wanawake, Desiree Linden wa Marekani, alimaliza akiwa na jaketi mwilini.