Kabla ya Kufomati Diski ya Nje, Fahamu Mfumo wa Faili Unaokufaa

Vikundi vya akina mama, vyama vya ushirika, shule na vijana wanaopiga video katika kaunti yetu huhifadhi kumbukumbu zao kwenye diski ya nje, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Humo mna orodha za wanachama, hesabu za michango na video za miaka mingi. Yote hayo yanaweza kutoweka kwa kubofya mara moja.

Mara nyingi hutokea hivi: diski inachomekwa kwenye kompyuta ya saiba, kisha ujumbe unatokea kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Mtu anakubali, na faili zote zinafutwa. Huenda diski hiyo haikuwa na hitilafu yoyote, ila iliandaliwa kwa mfumo ambao kompyuta hiyo haiutambui. Ukiona ujumbe huo, usikubali. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta uliyoizoea.

Mfumo wa faili ni nini?

Ni kama rejista inayoonyesha kila faili imewekwa wapi kwenye diski. Kufomati ni kuiondoa rejista ya zamani na kufungua mpya. Mifumo inayotumika sana ni hii:

• FAT32: Husomwa na takriban kila kifaa, zikiwemo televisheni na redio za magari. Hata hivyo, haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Video ndefu ya harusi inaweza kukataliwa hata kama diski ina nafasi tele.

• exFAT: Hupokea faili kubwa, na hutumika kwenye Windows, Mac na matoleo ya karibuni ya Linux. Inamfaa anayehamisha kazi kati ya kompyuta tofauti. Kasoro yake ni kwamba stima ikipotea au diski ikichomolewa ghafla, faili huharibika kwa urahisi zaidi. Aidha, si kila televisheni huisoma.

• NTFS: Ni mfumo wa Windows. Huweka kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, hivyo hustahimili zaidi stima inapopotea. Kompyuta ya Mac huusoma, lakini kwa kawaida haiwezi kuandika juu yake bila programu ya ziada.

Kwa ufupi, ikiwa ofisi yenu hutumia Windows pekee, chagueni NTFS. Ikiwa diski itazunguka kwenye kompyuta za aina mbalimbali, chagueni exFAT.

Hatua za kufomati

1. Nakili faili zote unazozihitaji kwenye kifaa kingine. Zifungue kadhaa uhakikishe ni nzima.

2. Kwenye Windows, fungua “This PC”, bofya jina la diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague “Format”. Kwenye Mac, fungua “Disk Utility”, chagua diski, kisha “Erase”.

3. Hakikisha jina na ukubwa ni wa diski yako. Ukikosea, utafuta diski nyingine.

4. Chagua mfumo, ipe diski jina, kisha uanze.

5. Ukimaliza kuitumia, iondoe kwa kuchagua “Eject” kabla ya kuchomoa waya.

Unapouza diski au kuipa mtu mwingine, kumbuka kwamba kufomati kwa haraka huondoa rejista tu. Mtu mwenye programu maalumu anaweza kuzipata nambari za vitambulisho na simu za wanachama wenu. Kwenye Windows, ondoa alama kwenye “Quick Format” ili diski ifutwe yote, hata kama itachukua saa kadhaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawataka wanaohifadhi taarifa za watu wazilinde.

Hakuna mfumo unaozuia diski kuanguka, kuibwa au kuchakaa. Kumbukumbu muhimu ziwe na nakala mbili, na nakala hizo zisikae katika chumba kimoja.