Karakana ya Programu Katika Diski Ndogo

Kompyuta ni mtumishi asiyetenda lolote mpaka aagizwe. Maagizo hayo, yaani programu, huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu, na kazi ya kuyaandika ina zana zake, kama useremala ulivyo na randa na msumeno. Kwa kijana wa Kasulu au Kibondo, katika miinuko ya Mkoa wa Kigoma, kikwazo cha kwanza aghalabu si ugumu wa lugha hizo, bali ni mahali pa kuziweka zana zenyewe.

Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zimeuzwa zikiwa na diski ya gigabaiti 32. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti milioni elfu moja, lakini Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Hivyo 32 husomeka kuwa 29.8. Windows 10 peke yake huchukua kiasi cha gigabaiti 20. Nafasi inayobaki haifiki 10, ilhali Visual Studio ya kampuni ya Microsoft, ambayo ni karakana kamili ya mwandishi wa programu, kwa kawaida huhitaji kati ya 20 na 50. Mzigo umeushinda mkokoteni.

Jinsi zana zilivyonenepa

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, iliyotokana na kazi ya Anders Hejlsberg wa Denmark. Toleo lake la 3.02 lilikuwa na baiti 39,731 tu, na ndani yake mlikuwa na mahali pa kuandikia pamoja na programu ya kufasiri maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. Disketi moja ya kilobaiti 360 ingeweza kubeba nakala tisa.

Vifurushi vya siku hizi hukusanya lugha nyingi pamoja, simu za kuigiza za kufanyia majaribio, na maktaba za kazi ambazo mwanafunzi hatazigusa. Basi ukubwa wa kifurushi si kipimo cha ukubwa wa kazi.

Mahitaji ya lazima

Anayejifunza anahitaji vitu vitatu: mahali pa kuandikia, programu ya kufasiri, na maktaba ya msingi. Vyote vyaweza kupatikana kimoja kimoja. Programu ya Fabrice Bellard wa Ufaransa, iitwayo TCC, hufasiri lugha ya C nayo ina kilobaiti 100 hivi. Python pamoja na maktaba yake ya msingi huhesabiwa kwa megabaiti, si kwa gigabaiti. Mwenye kuweka Linux nyepesi badala ya Windows aweza kupata mfumo na zana zote hizo ndani ya gigabaiti 8. Hata hivyo yafaa kuacha gigabaiti 5 au 6 wazi, kwani mfumo huhitaji nafasi ya kujirekebisha, na kazi ya kufasiri huzalisha mafaili ya muda.

Kisichopaswa kutupwa

Hapa ndipo ushauri wa mjini unapopotosha. Mtu anayetaka kuokoa nafasi huambiwa aanze kwa kufuta vitabu vya maelezo, kwa kuwa vyote vimo katika intaneti. Ushauri huo humfaa aliye na mtandao wa kasi mchana kutwa. Kijana anayenunua intaneti kwa kifurushi cha simu, kosa likimkwamisha usiku na kifurushi kimekwisha, hana wa kumwuliza. Mkulima wa Heru Juu hupunguza vingi ghalani mwake, lakini mbegu haigusi. Kwa mwanafunzi wa miinuko hiyo maelezo ndiyo mbegu. Tena hayana uzito: maelezo rasmi ya Python hupakuliwa yote kwa chini ya megabaiti 50.

Zana zilizotajwa, isipokuwa zile za Microsoft na Borland, zina leseni inayoruhusu kunakiliwa bila malipo. Nakala moja iliyopakuliwa Kigoma mjini yaweza kusafiri katika kidude cha kuhifadhia hadi Kasulu, ikafuata barabara mpaka Kibondo, na kuingia katika kila mashine ya darasa bila kifurushi kingine kununuliwa. Mwalimu mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kasulu akiondoka na nakala hiyo mfukoni, shule atakayopangiwa haitaishia kutumia programu za wengine. Itaweza kuziandika zake.