Sixto Valencia na Sura ya Memín (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mwandishi Yolanda Vargas Dulché alivyombuni Memín Pinguín miaka ya 1940: mtoto mweusi wa Jiji la Mexico, mwana wa Eufrosina anayefua nguo za watu ili wapate riziki. Leo tumtazame Sixto Valencia Burgos wa jimbo la Hidalgo, aliyezaliwa 1934, mchoraji aliyempa Memín sura inayokumbukwa hadi leo.

Valencia alianza kumchora miaka ya 1960. Kitabu cha katuni za Memín kilitoka kila wiki kwa wino wa hudhurungi, kikapendwa na wakubwa kwa wadogo. Lakini tazama ukurasa wowote kwa makini. Rafiki zake, Carlangas, Ernestillo na Ricardo, wana nyuso za watoto wa kawaida. Memín peke yake ana midomo iliyovimbishwa na macho ya kutumbuka. Eufrosina naye amefuata mfano wa mtumishi mweusi wa sinema za zamani za Marekani.

Mwaka 2005 posta ya Mexico ilitoa stempu tano za Memín. Ikulu ya Marekani ilizilaani, mwanaharakati Mmarekani mweusi Jesse Jackson akazipinga, Rais wa Mexico Vicente Fox akazitetea. Wananchi walipanga foleni, zikaisha kwa siku chache.

Watetezi wana hoja. Memín ni mwaminifu na mwenye huruma, na kuna kisa ambamo anakataliwa kuhudumiwa huko Texas kwa sababu ya rangi yake, rafiki zake wakasimama naye. Hata hivyo, si kweli kwamba waliolalamika walikuwa wageni tu. Wamexico weusi wa Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, nao walipaza sauti. Hawa walitambuliwa na katiba mwaka 2019 tu. Sensa ya 2020 ikawahesabu zaidi ya milioni 2.5. Taifa lilimjua Memín kuliko lilivyowajua wao.

Valencia alifariki 2015. Alikuwa fundi hodari, na vitabu vyake havistahili kuchomwa moto. Vihifadhiwe, visomwe, na watoto waelezwe ukweli: hadithi ilimpenda Memín, ila kalamu ilimdhalilisha. Mapenzi ya wasomaji hayafuti dhihaka hiyo.